Damp na Kakao ya Mama

Jumatatu, 5 Mei 1997
Mvua. Magunia tena. Shingo imekuwa ya fahali. Wenzangu wanabeba kimya, mimi nabeba na maoni.

Leo kaja mkaguzi wa kampuni inayomtuma Bwana Karim, mwenye duka hapa Ipinda, kununua kakao. Viatu vyeupe, Kyela, mwezi wa tano! Kaingiza mkono kwenye magunia, mengine kayatenga, kayaandika kwa chaki: DAMP. Hakueleza. Kapanda gari kaondoka.

Wakulima wakang'aka. Bwana Karim akaniita: "Lusajo, si ulifika kidato cha pili wewe? Soma."

Nikasoma kwa sauti ya redio. Maana? "Yamelowa."

Mzee mmoja akachota kakao yake, akaikamua. "Nionyeshe tone, msomi. Moja tu."

Tone hakuna. Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila ndani nimeumia. Kiingereza changu hakijawahi kuchekwa na mtu asiyekijua.

Jumanne, 6 Mei
Nimeazima kamusi kwa mwalimu. Inasema: majimaji kidogo. Kidogo kiasi gani? Kamusi kimya.

Nimezunguka nyumba kukitafuta hicho kidogo. Shati langu kwenye kamba: damp. Chumvi: damp. Kiberiti: damp, kimegoma kuwaka. Mto, godoro, ukuta: damp. Mbuzi: huyo wet kabisa.

Nimegundua jambo kubwa. Masika, vyote tunavyoviita vikavu hapa Kyela ni damp. Tumezaliwa ndani ya neno na hatukuambiwa. Nguo ikiacha kudondosha, tunavaa. Kakao ikiacha kunata, tunapeleka kwenye mizani. Tuna mbichi, tuna kavu. Hapo katikati tunasema "itakaukia njiani".

Nani mwingine Ipinda angegundua hili? Hakuna.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepanda cheo! Bwana Karim kanitoa kwenye kubeba. Nakagua gunia kabla halijapimwa. Majaribio mpaka mwisho wa mwezi.

Kanieleza. Gunia damp likiingia ghalani linaota ukungu, na ukungu unatembelea majirani. Lenye harufu nalo vivyo hivyo, linaambukiza. Kampuni ikichoka, haitanunua tena hapa. "Ukipitisha baya hata moja, unarudi kubeba."

Dawa ni sikio. Unaminya kakao kiganjani karibu na sikio. Kavu inalia kama majani makavu yakikanyagwa. Damp inanyamaza.

Kuanzia leo niitwe daktari.

Jumamosi, 10 Mei
Kasumulu, mpakani, kwa mama mdogo NyaBanda. Ni Mmalawi, mke wa baba mdogo, anauza vitenge. Kiingereza anacho cha kweli, si cha kunyang'anyana kama changu. Nilimkuta anapiga pasi ya mkaa. Kakinyunyizia kitenge maji, kakikunja, kanipa nishike.

"Hiki ndicho damp. Kikiwa wet, pasi inapiga kelele. Kikiwa dry, mikunjo inakaidi."

"Kumbe damp ni nzuri?"

"Kwa pasi. Godoro lako likiwa hivyo utafurahi?"

Nikamchokoza: na keki je? Akasema keki ukiipenda ni moist, usipoipenda ni damp.

"Maji yale yale, mama mdogo?"

"Yale yale. Kawaulize wenye lugha."

Nikakubali nimefundishwa. Jambo nadra, naliandika. Kumbe neno halipimi maji peke yake, linampima na anayelalamika.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya kanisa nimeingiza mkono kwenye kakao ya mama. Nikaminya, nikasikiliza. Kimya.

Kakao hii ndiyo pesa ya mabati. Nyasi za paa zimeoza, mvua inamdondokea kitandani, anakohoa tangu Machi. Nikamwambia bado, ni damp.

"Dampo ndiyo nini? Siku chache tu kwenye mizani, mwana gwangu, unanitukana kwa Kizungu?"

Nikamweleza vizuri. Akanisikiliza, akatazama mvua, akatazama kakao.

Jumanne, 13 Mei
Mvua. Jua limehama wilaya.

Ijumaa, 16 Mei
Mama kaja na kakao kwa baiskeli ya jirani. Bwana Karim alikuwa msikitini. Mkaguzi mimi. Mwamuzi mimi.

Nikaminya. Ikalia! Kavu kuliko zote za wiki hii. Nikataka kutangaza foleni nzima isikie huyu ni mama wa nani. Ndipo harufu ikanipiga. Moshi. Moshi na kambale. Kaianika kwenye kichanja cha juu ya mafiga, tunapokaushia mahindi na samaki. Kyela yote ingefanya hivyo. Kitu kikikosa jua, kinapewa moshi.

Nikanusa tena. Nikaomba pua iwe imekosea.

"Ni dampo?" mama akauliza.

"Siyo, Mama. Imekauka."

"Basi pima."

"Ina moshi."

Akanitazama. "Ulisema nitoe dampo. Nimekesha na kuni, nimeitoa. Leo umezua nyingine?"

Mzee wa tone akadakia: "Mpitishie, kijana. Alikunyonyesha bure."

Bwana Karim asingejua. Nilitazama mlango wa ghala, kakao ya watu imejaa humo. Nikasema haiingii. Sauti haikuwa ya redio.

Nilitaka kumbebea, akanisukuma mkono. Amelifunga gunia mwenyewe.

Najichukia. Ningepitisha pia ningejichukia, ila bila mashahidi.

Jumapili, 18 Mei
Mama haongei nami. Ugali ananiwekea, mbali. Bwana Karim kasikia habari. Hakunisifu, kasema tu Jumatatu niwahi.

Gunia la moshi liko pembeni ya mlango. Nyumba nzima inanuka. Usiku paa limevuja, nimevuta godoro la Mama upande mkavu, yaani upande wa damp. Hakunishukuru hata kwa ndaga. Ila hakulirudisha.

Jumatano, 21 Mei
Jua.

Mama kafungua majani ya mgomba, kaitoa kakao mpya aliyoivundika, kaitandaza kwenye mkeka uwanjani. Nimemsaidia kuigeuza kabla ya kwenda kazini. Wingu lilitokea upande wa milima. Tukalitazama wote wawili, mikono imesimama. Likapita.

Ndipo akasema, bila kuniangalia: "Ikikauka sawasawa, Wazungu wanaitaje?"

"Dry."

"Basi? Kaneno kadogo hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

Akatikisa kichwa, akahamia upande wa pili wa mkeka.