Jumamosi Niliyomkataa Mama Furaha

Jumamosi, 1 Machi
Kigali na kurudi. Nasoma huko kila Jumamosi; darasa refu, mgongo unauma. Abiria watatu garini mwangu, wote wa kwenye ile programu ya simu ya kugawana safari. Mama Furaha wa Rubona kiti cha nyuma, wiki ya tano mfululizo. Mumewe amelazwa Kigali. Figo. Alikuwa mvuvi. Hataki chakula cha hospitali, kwa hiyo mkewe humpelekea sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Njia nzima anaongea naye kwenye simu. "Tumeshapita Kanama. Niko nakuja. Usilale." Kila tunapopita anamtajia. Mimi sina wa kumtajia. Naongeza sauti ya redio.

Jumapili, 2 Machi
Bwana aliyekaa mbele jana kanipa nyota mbili. Kaandika: gari linanuka samaki. Nimesugua viti kwa sabuni mara mbili. Bado nanusa. Nina hasira, na si kwa huyo bwana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetangaza safari ya keshokutwa. Mama Furaha wa kwanza kuomba kiti. Sijajibu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebonyeza Kataa. Programu haiulizi sababu. Viti viwili vimepata watu, kimoja bado kitupu. Atapata gari jingine. Magari yapo.

Jumamosi, 8 Machi
Safari tulivu. Mwanafunzi mmoja na dada wa Musanze, wote walisinzia. Gari lilinukia vizuri. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 9 Machi
Ujumbe wa Mama Furaha:
"Madame, jana nilikosa gari. Bisi ya kwanza ilijaa, nilipanda ya pili. Nilifika saa saba. Bwana yangu alishakufa saa tano. Nakuambia kwa sababu ulikuwa unamuulizia."
Nilimuulizia mara moja. Labda mbili.

Jumanne, 11 Machi
Sikwenda kazini. Jumamosi mimi nilikuwa Kigali kabla ya saa nne. Angekaa naye saa nzima. Sijui kama alimpigia akiwa kwenye basi. Sijui kama mumewe alipokea. Sili.

Alhamisi, 13 Machi
Mazishi, Rubona. Nilitaka kusimama nyuma. Mama Furaha aliniona, akaja akanishika mkono mbele ya wakwe zake. "Huyu njo yeye alikuwa ananipeleka kwa bwana yangu." Wakanishukuru mmoja mmoja. Mzee mmoja alinipisha alipokuwa amekaa. Aibu niliyoona sijawahi kuiona.

Watu walipopungua nikamwambia. Kwamba nilimkataa makusudi. Kwamba ni kwa sababu ya harufu.

Hakunitazama.

"Nilijua, Madame. Ile kiti ilibaki mutupu pale mu simu mpaka mulitoka. Nilikuwa naangalia."

Yeye alikunja kitenge chake magotini, akakikunjua, akakikunja tena.

"Vitu vyake viko bado hospitali. Jumamosi uko unaenda?"

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 15 Machi
Sikutangaza safari. Tumekwenda wawili tu, na sikuingia darasani. Vitu vyenyewe vichache: koti, kandambili, blanketi la kijani. Muuguzi alimpa karatasi atie sahihi, akamwambia pole, akarudi kwa wagonjwa wake. Musanze tulisimama tukanywa chai. Alitia sukari nyingi. Sijui kama amenisamehe. Sikuuliza, na yeye hakusema.

Rubona tulikuta mvua. Wifi yake alitoka na mwavuli kumpokea. Nilishika koti na kandambili, nikawafuata hadi mlangoni. Blanketi alilibeba mwenyewe.