Dani, Ulijiongezea Miaka Kumi na Minne

Dani wangu, bibi yangu,

Nimekukasirikia. Nianze hapo hapo, maana wewe ndiye ulinifundisha kwamba mtu akizungusha maneno sana kuna jambo anaficha. Miezi minne sasa umelala kwenye udongo wa Kosele, watu wameacha kunipa pole, lakini hasira haijanitoka. Nikimwogesha mwanangu Akinyi iko. Nikipanga nyanya sokoni hapa Suna iko. Basi nimeona nikuandikie, hata kama hukujua kusoma. Mambo yangu ulikuwa unayajua kabla sijafungua mdomo.

Unakumbuka ile siku tulienda kwa naibu chifu? Nilikuwa darasa la nane. Kitambulisho chako cha zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa ndani ya sanduku, pamoja na gauni la kanisa, na wewe ukalilia gauni. Mzee wa kijiji alikuwa amekuambia kuna pesa za wazee, lakini lazima mtu awe amefika miaka sabini. Wewe ulikuwa na sitini. Njiani nikakuambia, "Dani, si tuongeze kumi tu?"

Ukasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Kumi? Ndio waanze kunihesabu na vidole? Mtu akidanganya adanganye kabisa, mjukuu wangu."

Tukaongeza kumi na nne. Naibu chifu aliangalia mvi zako, akanipa fomu ya kitambulisho kipya nijaze kwa sababu wewe hukujua kuandika na yeye alikuwa anakula. Nikajaza kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Tuliporudi, kila tulipokutana na mtu ulijikunja ukatembea kama bibi wa miaka mia, akishapita unanyooka na kuniuliza kama umetosha. Tulicheka mpaka nyumbani. Zile pesa ndizo zilinifikisha kidato cha pili. Sikuona ubaya wowote, na hata leo kicheko kile sikijutii.

Kwani ulikuwa mzee wewe? Mwaka huu mvua ilipoanza ulikuja hapa kwangu ukakuta bati linavuja juu ya kitanda cha mtoto. Ukaomba nyundo kwa jirani, ukapanda. Majirani wakatoka nje wakipiga kelele kwamba mwanamke hapandi juu ya nyumba, ni mwiko, tena mwanamke wa umri wako! Ukawajibu ukiwa juu, msumari mdomoni, "Basi ule mwiko uje uzuie mvua." Ukapigilia misumari yote. Uliposhuka hukuwa hata unahema.

Sasa ile Jumanne. Tulikuwa mlangoni tunabambua karanga, Akinyi amekaa mapajani pako akikuibia. Ukanyamaza katikati ya neno. Ukasema kwa Kiluo kwamba kuna kitu kimechanika mgongoni, kati ya mabega, kama nguo inavyochanika. Jasho likakutoka hapo hapo kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikamwachia jirani mtoto, nikasimamisha pikipiki, wewe katikati, mimi nyuma nimekukumbatia. Ulikuwa unauma shuka yangu usilie.

Hospitalini mhudumu wa kwanza alisema ni asidi ya tumbo, akakupa dawa ya kutafuna. Ikabidi niongee vibaya. Ndipo akaja yule daktari kijana. Alikupima presha mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia wa kulia, na uso wake ukabadilika. Akakupeleka mbio kwenye mashine ya kupiga picha ndani ya mwili. Aliporudi alinieleza polepole, na nilielewa, Dani, usidhani sikuelewa. Kuna mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo. Ukuta wake wa ndani ulikuwa umechanika, damu inajipenyeza katikati ya kuta, na siku ukuta wa nje ungepasuka hakuna mtu angeweza kukusaidia.

"Na hiyo siku ni lini?" nikamuuliza.

"Inaweza kuwa leo. Anahitaji kupasuliwa leo. Hapa hatufanyi hiyo, ngoja niwapigie wanaofanya."

Akapiga simu hospitali kubwa, mbali, mimi nimesimama kando yake. Nilijua wangeuliza moyo wako ukoje, figo zako zikoje, una nguvu gani. Wakauliza umri kwanza. Daktari akachukua kitambulisho chako, akasoma, "Themanini na tano." Akasikiliza, akafunika simu na mkono.

"Wanasema kwa miaka hiyo atafia kwenye meza. Tumpe dawa za maumivu na za kushusha presha, tukae naye."

"Daktari, hicho kitambulisho kinadanganya. Ana sabini na moja!"

"Dada, hapa vitambulisho vya watu wote vinadanganya."

Lakini alikugeukia. Hilo nampa, alikugeukia, akainama mpaka karibu na uso wako. "Mama, uko na miaka ngapi?"

Uliangalia ile kadi mkononi mwake. Ukaniangalia mimi. Ukasema, kwa Kiswahili chako cha sokoni, "Mimi niko na themanini na tano. Kama iliandikwa."

Nikapiga kelele, "Dani!" Ukanifinya mkono kwa nguvu ambazo sijui ulizitoa wapi. "Ling'," ukaniambia, nyamaza. Daktari alipogeukia simu ukanivuta chini ukaninong'oneza, "Huyu ni mtu wa serikali. Mwandiko ni wako. Watakushika, na mtoto bado ananyonya."

Hapo ndipo hasira yangu inakaa, Dani. Si kwa naibu chifu. Ni hapo kitandani. Mshipa wako umechanika, unaokoa mwandiko wangu! Nani alikutuma? Uliniuliza? Maisha yako yote hukuogopa mtu, hukuogopa mwiko wala mume mlevi, halafu unakuja kuogopa kijana wa watu mwenye koti jeupe lenye doa la chai.

Nilikimbia nje nikampigia mjomba kule Kosele. Nilijua kadi yako ya ubatizo iko ndani ya Biblia, ulibatizwa mtoto mchanga pale misheni na padre akaandika siku yenyewe ya kuzaliwa. Mjomba alikuwa shambani. Mpaka arudi, mpaka aipate, mpaka apande kilimani kutafuta mtandao aitume ile picha, yalipita kama masaa mawili. Daktari akaitazama kwenye simu yangu, akaikuza, akapiga tena. Niliisikia ile sauti ya upande wa pili kwa masikio yangu: "Sabini na moja? Sasa kwa nini hamkusema? Mleteni!"

Kwa nini hatukusema.

Ambulensi iliondoka jua likiwa bado kali. Ulikata roho kabla hatujafika Rongo. Nilikuwa nimeshika miguu yako kwa sababu mikono ilijaa mipira ya dawa.

Sisemi ungepona. Daktari aliniambia ukweli, kwamba upasuaji ule hata vijana wengine hawaamki. Lakini ulikuwa na haki ya kujaribu, na masaa mawili yale yalikuwa yako. Na tena niulize, kama ungekuwa kweli na themanini na tano, kisha unapanda bati na nyundo, ndio usipasuliwe? Kuna mtu wa hamsini pale kwetu hawezi kuinua jembe. Mbona hawaulizi jana mtu alikuwa anafanya nini?

Na mazishini ndio nikataka kupasuka mimi. Mhubiri akasoma themanini na tano, watu wakaitikia kwa furaha, wakaimba nyimbo za kuchangamka, wakisema umekula chumvi ya kutosha, uende ukapumzike. Chumvi ya kutosha nani aliipima? Mjomba naye alikuwa anapiga makofi na kadi iko mfukoni mwake. Nilimwambia aseme, akaniambia, "Waache wafurahi, mtoto wa dada. Aliyekufa mzee haliliwi." Nikaenda kukaa nyuma ya jiko na Akinyi, nikakulilia peke yangu kama anavyoliliwa mtu wa sabini na moja.

Wiki jana nilipeleka Akinyi chanjo, nikakutana na yule daktari. Nikamwambia kila kitu: kumi na nne, fomu, ulichoninong'oneza. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Mimi? Mimi ndio serikali?" akasema. "Mimi sijaona mshahara wa mwezi uliopita!"

Tulicheka, Dani, nisamehe. Akaniambia siku hizi, akimpigia simu mpasuaji kuhusu mzee, anaanza na kazi ambayo huyo mzee alikuwa anafanya asubuhi yake, na umri anauacha mwisho. Alisema kuna babu mmoja wa Isebania, wamempokea hivyo. Sijui kama amepona, sikuuliza. Nilitaka niende nyumbani na hilo moja tu, kwamba walimpokea. Tangu siku hiyo ninalala vizuri kidogo.

Akinyi ameanza kutembea. Anashika ukuta, anaanguka, anainuka na hasira, anajaribu tena. Hiyo tabia haikutoka kwa baba yake.

Lala salama, Dani. Hasira bado niko nayo na sitakudanganya kwamba imeisha. Nilitaka ujue neno moja ambalo sikupata nafasi ya kukuambia pale kitandani: ningefungwa. Ningefungwa na mtoto mgongoni, hata mwaka mzima, nikatoka nikakukuta.

Ni mimi mjukuu wako, uliyemlea na kumficha.