Tabia za Landrova Niliyoiuza

Levolosi, Arusha
Jumatatu, baada ya alasiri

Mke wangu mpenzi, Mama Zuwena,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama, na kwamba nyonga yake sasa inamruhusu kukaa barazani kidogo awagombeze wajukuu. Je, anakula? Bado anaukataa uji mpaka utie ndimu? Mawese uliyonitumia yalifika, nayapikia maharage kwa uchoyo, sitaki mgeni. Huku mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu moyo, soma kwanza halafu utasema mwenyewe.

Majuzi uliponipigia ukaniuliza, "Eti umeuza gari?" simu ilikatika. Si mtandao, Mama Zuwena. Nilikata mimi. Nilijua utacheka, na wewe ukianza kucheka hunyamazi mpaka jirani aje kuuliza kuna nini, nami sikuwa tayari kuchekwa. Kwa hiyo naandika, na barua nampa jirani yetu Bi Mwajuma anayekuja huko Kigoma kwenye harusi ya mpwa wake. Cheka ukiwa mbali.

Ndiyo, nimeiuza Landrova. Yule uliyekuwa ukimwita mke mwenzio ameolewa kwingine.

Kilichoniuzisha ni kitanda. Kuna familia ya Elerai iliniagiza kitanda cha harusi, mninga mtupu, na ubao wa kichwani niliuchonga maua kwa mkono wangu siku tatu nzima. Asubuhi ya kukipeleka, Landrova ikagoma. Nikaigonga stata kwa nyundo kama kawaida, haikusikia. Tukaisukuma mimi na majirani mpaka barabarani, ikakohoa, ikazima. Nilipofika Elerai jua lilikuwa limezama, na bibi harusi ameshaingizwa ndani, amekalishwa kwenye mkeka. Mama mkwe wake alinipokea mlangoni akaniambia, "Fundi, kitanda cha mjukuu tukiagize leo, ili kifike akianza shule?" Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba karakana itakufa kwa sababu ya gari.

Basi nikaanza kutafuta gari jingine. Wale wenzangu wa kijiweni Kimandolu, wenye magari ya zamani tunaokutana Jumapili jioni tunywe kahawa na kufunuliana maboneti, wote walinipa ushauri, na kila mmoja alinishauri ninunue gari kama lake. Mmoja alinipeleka kuona Landrova nyingine, kubwa kuliko yangu na chakavu kuliko yangu, nami nusura niichukue kwa sababu ilinuka kama yangu. Mwisho nilinunua kirikuu, kipikapu cha Kijapani. Nyeupe, ndogo, matairi utadhani ya toroli. Ukigeuza ufunguo inawaka, basi, hakuna hadithi. Inabeba kitanda na kabati, mvua hata jua, na wateja sasa wananisifu kwa kufika mapema. Sina la kuilaumu, na hilo ndilo linaloniudhi. Wanasema kipya kinyemi, lakini mimi kipya changu sijaonja unyemi wake. Nimekwenda nayo kijiweni mara mbili na hakuna aliyeomba kuifunua. Kwanza hata boneti haina, injini iko chini ya kiti.

Sasa sikia habari za aliyeinunua Landrova. Anaitwa Elibariki, Mmeru wa kule juu Akheri, kijana wa miaka thelathini na kitu, ana migomba na ng'ombe wa maziwa. Alikuja kuiona akiwa na baba yake. Kijana alichungulia chini, akagonga gonga chasisi, akasikiliza injini. Mzee hakuangalia chochote. Aliniambia, "Mimi sinunui ng'ombe mpaka mwenyewe amlete kwangu, aniambie tabia zake mbele ya mama wa nyumba. Anapiga? Anabana maziwa? Na hili gari ulilete wewe."

Nikaipeleka. Kuipandisha ile njia ya Akheri kwa mara ya mwisho, migomba huku na huku, na ile sauti yake nzito ikinguruma chini ya miguu yangu, sitaki kusema zaidi. Tulipofika walitoka wote: mama mtu, mke wa Elibariki, watoto watatu. Tulikunywa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, kisha mzee akaburuta kiti mpaka mbele ya gari, akasema, "Haya, tuambie."

Nikaanza. Mlango wa kushoto haufunguki mpaka uupige teke chini ya kitasa. Stata inataka nyundo, na nyundo yenyewe hii hapa chini ya kiti. Choki uvute mara mbili, uhesabu mpaka saba. Taa ya kulia inawaka yenyewe ukipita kwenye shimo. Kila nililosema walitikisa vichwa kwa heshima, na mimi kichwa kikazidi kuvimba. Nilijiona ndiye mtu pekee duniani anayemjua yule bibi.

Ikabaki tabia moja, ya breki. Wewe unaijua: ukikanyaga mara ya kwanza mguu unazama, ya pili ndiyo inashika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Hapo Elibariki, aliyekuwa amekaa kwenye usukani, akaipapasa dashibodi, akasema polepole, "Karibu nyumbani, mama."

Mama! Miaka kumi na tisa nimelala chini ya gari lile, oili ikinidondokea machoni, na yeye kwa dakika tano tu anaiita mama! Wivu ulinikaba, Mama Zuwena, wivu kabisa, ule wa mtu aliyeachwa. Nikafunga mdomo. Nilijiambia, acha imsumbue kidogo. Atanipigia simu aseme, "Mzee, njoo utusaidie, gari limekataa mkono wangu." Nami ningekwenda, ningekanyaga mara mbili, wangesema kweli mwenyewe ni mwenyewe.

Baba yake akauliza, "Ndiyo zote?"

Nikasema, "Ndiyo zote."

Nikashuka mlima kwa bodaboda.

Wiki ikapita, simu kimya. Wiki ya pili nikaiona sokoni Tengeru. Imeoshwa mpaka rangi ya kijani niliyoisahau imejitokeza, imejaa mikungu ya ndizi, na mke wa Elibariki anafungua mlango wa kushoto kwa vidole viwili. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha nyanya, mtu mzima na mvi zangu, nachungulia. Elibariki akapanda, akageuza ufunguo, ikawaka. Mara moja! Kwangu haijawahi kuwaka mara moja tangu Zuwena akiwa darasa la pili. Nilinunua nyanya nisizozihitaji, nikarudi na hasira mpaka Levolosi.

Jumapili kijiweni mmoja akaniambia, "Ile Landrova yako Jumamosi inashusha kwaya ya akina mama kutoka Akheri, wanakwenda kuimba Kimandolu. Yule kijana anaitunza, bwana!" Wengine wakadakia kuisifu. Mimi nikaona ile njia ikiteremka, mvua hizi, udongo ule mwekundu unaoteleza, akina mama kumi na wawili nyuma, na mguu wa Elibariki unazama kwenye breki. Nikaimwaga kahawa, nikaaga.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu papo hapo. Kwa sababu kusema habari ya breki ni kusema pia kwamba nilinyamaza kwa makusudi. Jumatatu nikasema nitapiga Jumanne. Jumanne nikasema labda ameshaizoea mwenyewe. Mpaka Ijumaa nilikuwa nimejipa sababu za kutosha kujaza kabati. Jumamosi asubuhi nikaswali, nikapiga, simu haipatikani. Nikapiga tena. Nikarukia kirikuu.

Nilipita Tengeru bila kuona mtu. Kwenye mlima, kona ya tatu, kirikuu ikateleza ikaingiza matairi mawili kwenye mfereji. Nikaiacha na mlango wazi, nikapanda kwa miguu, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Ndipo nikasikia kuimba. Wanakuja, sauti juu kabisa, na nyuma ya sauti zao ile injini naijua. Nilisimama katikati ya njia nimetanua mikono, napiga kelele, "Kanyaga mara mbili! Elibariki, mara mbili!" Akina mama walidhani nawashangilia, wakanipungia vitambaa.

Landrova ikasimama. Taratibu, bila kuyumba, hatua tatu kutoka kifuani kwangu.

"Shikamoo mzee," Elibariki akasema, ametoa kichwa dirishani. "Kuna nini tena? Kiatu kiko wapi?"

Mficha uchi hazai. Nilisema yote palepale kwenye tope, mbele ya kwaya nzima, na mbele ya baba yake aliyekaa kiti cha mbele na kofia yake.

Elibariki alinitazama kama mtu asiyeelewa. "Breki? Mzee, masta silinda ilikuwa imekufa kabisa. Niliibadilisha siku ya pili, kabla hata sijapakia ndizi."

"Na stata?"

"Brashi zilikuwa zimeisha tu. Fundi kaweka nyingine, nyundo nimempa mke wangu apigilie banda la kuku."

"Na mlango?"

"Bawaba, mzee. Tulitia grisi."

Mama mmoja mnene wa kwaya, aliyekaa karibu na mlango wa nyuma, akapiga makofi. "Jamani! Kumbe mwenzenu alikuwa mgonjwa, mkasema ni tabia yake!" Wakaangua kicheko wote, gari likatikisika.

Mzee hakucheka. Alishuka, akanisogelea. "Nilikuuliza, ndiyo zote? Ukasema ndiyo zote. Mimi ningekuuzia ng'ombe anayepiga, nikanyamaza, akamuumiza mwanao, ungeniitaje?"

Nilisema, "Nisamehe, mzee. Ni wivu."

"Wivu wa gari?"

"Wa gari."

Alinitazama miguu, mmoja una kiatu, mwingine hauna. "Umechelewa," akasema, "lakini umekuja. Shika kamba."

Kamba yenyewe ilikuwa ya kuivuta kirikuu yangu kutoka mferejini. Mama Zuwena, nilivutwa na gari langu mwenyewe. Nilikaa kwenye kile kiusukani kidogo, natazama makalio ya Landrova yangu yakinivuta, na akina mama wakiimba kana kwamba ni mimi ninayepelekwa kanisani. Sasa unaweza kucheka.

Usidhani wivu umekwisha. Ungali upo. Nikiisikia ile sauti barabarani nageuka kabla sijajua kwamba nimegeuka. Lakini wivu umebadilika. Kwanza nilimwonea Elibariki wivu kwa kuwa nayo. Sasa namwonea wivu kwa sababu aliisikiliza siku mbili akajua inaumwa wapi, na mimi miaka kumi na tisa nilikuwa nasimulia ubovu wake kijiweni, najisifu kwamba naijua.

Na lile neno la yule mama wa kwaya halinitoki. Tangu Jumamosi ninakufikiria wewe. Ile miaka ya mwisho hapa kabla hujaenda kumuuguza mama, ulikuwa ukiamka asubuhi unashika ukuta kwanza. Unasimama kimya kidogo, mkono mmoja kiunoni, halafu ndiyo unakwenda kuwasha jiko. Watoto walikuwa wakikuigiza, nami nilicheka pamoja nao. Hata wageni nilikuwa nawaambia, "Ndivyo alivyo huyu, lazima ausalimie ukuta kwanza." Sikukuuliza hata siku moja. Na sasa uko huko, unamwinua mama yangu kitandani, unamgeuza, unampeleka kuoga, miezi minane.

Niambie kweli unaumwa wapi, na tangu lini. Usinijibu "hamna neno", maana hilo nalo nimelizoea. Nimeshazungumza na fundi mwenzangu ashike karakana. Mwezi ukiandama nakuja Ujiji, nitamwinua mama mwenyewe, na wewe utakwenda hospitali ukapimwe, ukipenda usipende.

Mfikishie mama shikamoo zangu nyingi, mwambie mwanawe anakuja asiyejua kupika uji wa ndimu, amvumilie. Msalimie binti yetu Zuwena, na umwambie akusaidie kuteka maji bila kungoja kuambiwa. Kaka Ramadhani, mkubwa wangu, mpe salamu na umwombe radhi kwa niaba yangu, gari nililomwahidi kumfundishia udereva halipo tena. Na shemeji Asha, mdogo wako, msalimie sana, ila barua hii usimsomee, yeye hana siri.

Mimi mumeo, niliyecheka wakati wa kuuliza,

Hamisi, Baba Zuwena