Jicho la Kushoto la Majura

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi kama zote. Nyonyesha, cheulisha, ndipo matone. Bomba la sindano, lisilo na sindano yenyewe, ndani ya shavu, polepole, asipaliwe. Mwanangu Majura ananitazama kwa jicho la kulia. La kushoto limezibwa na baka jekundu alilozaliwa nalo, limevimba kwenye kope mpaka umebaki ufa tu. Daktari hakuzunguka: baka lenyewe halitamuua, litasinyaa miaka ikienda. Jicho ndilo haliwezi kungoja. La mtoto mchanga lisipotumika sasa, halijifunzi tena kuona. Ndiyo maana ya dawa.

Dawa yenyewe ni ya moyo, ile wanayopewa watu wa presha. Sharti kubwa ni moja: ashibe kwanza. Akipewa na njaa sukari mwilini inashuka, anaweza kuzimia.

Kisha stesheneri. Namshukuru Mungu ni karibu, narudi mchana kunyonyesha. Napiga watu picha za pasipoti, natoa kopi. Kutwa nzima naambia watu wainue kidevu. Nimechoka na ndiyo kwanza Jumatatu.

Alhamisi, 6 Machi

Sokoni Igoma mwanamke nisiyemjua amemvua mtoto kofia. "Maskini, ulimmwagia chai?" Juzi mwingine alisema uji. Yupo aliyesema mafuta ya chipsi. Jiko langu lingekuwa na kazi hivyo ningefungua mgahawa. Nimemjibu vibaya. Sijutii.

Mama mkwe naye. Yuko hapa tangu nijifungue, ametoka kwao Nansio, kisiwani, na bila yeye nisingerudi kazini. Mtoto alilia siku zote za mwanzo mpaka alipoitwa Majura, jina la marehemu baba mkwe. Akanyamaza. Marehemu naye alikuwa na baka, shingoni. Kwa Mama mkwe mambo yaliishia hapo: mzee amerudi na alama yake. Anamwita "mume wangu". Sasa mimi ndiye ninayetaka kumfuta mume wa mtu. Hasemi hivyo. Anasema, "Dawa ya moyo kwa kitoto hiki!" Halafu anasonya.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda misa tena. Kwaya wameshazoea pengo langu. Mume wangu Deus amekwenda na binti yetu Sabina. Deus anachomelea mageti, na siku hizi anarudi giza limeingia. Anasema kazi ni nyingi. Uongo. Anakaa kijiweni kwa sababu nyumbani hapakaliki. Namwelewa, na namchukia kidogo.

Sabina yuko darasa la kwanza. Juzi alipigana shuleni na waliomwita mdogo wake "jicho nyama". Leo akivua soksi ameniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, na mimi nikiumwa utanibeba?" Nikamwambia akaoge.

Jumanne, 1 Aprili

Baka linapauka. Katikati pameingia rangi ya majivu. Niliona tangu wiki iliyopita, nikaogopa kusema. Mama mkwe ndiye aliyesema. "Jicho la mume wangu linachungulia." Alikaa naye mlangoni penye mwanga, akamgeuza huku na huku. Hakusonya.

Jioni akaniuliza dawa inapimwaje. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nikamwonyesha mstari kwenye bomba. La kushiba nilimwambia pia, nadhani. Nilikuwa nasinzia.

Jumapili, 13 Aprili

Hospitalini.

Majura anaota meno, hakulala, sikulala. Kulipokaribia kukucha nilipotea usingizini. Mama mkwe alimchukua kimya kimya ili nipumzike. Wema mtupu. Akampa dawa, kipimo sawasawa. Ila alimpa jinsi dawa inavyonywewa kwao: alfajiri, kabla hujasalimiana na mtu, kabla kitu chochote hakijagusa mdomo. Mizizi hunywewa hivyo. Ikikutana na chakula, nguvu yake imekwisha. Alitaka ifanye kazi vizuri. Kisha akambeba mgongoni mpaka akalala.

Niliamka jua liko juu. Kwanza nilifurahi. Halafu nikamgusa. Jasho la baridi. Shingo haina nguvu. Nikampa titi, mdomo haukushika. Nikampaka sukari ndani ya shavu kwa kidole huku napiga kelele. Deus akatoka mbio kutafuta bajaji. Barabarani watu wanakwenda kanisani na matawi yao mikononi, dereva anapiga honi, nami nawatukana kimoyomoyo, watu wa Mungu hawana kosa.

Wamemwekea dripu ya sukari. Amelia. Sijawahi kupenda kilio namna hii.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeruhusiwa. Daktari anasema tuipumzishe dawa leo, kesho akiwa ananyonya vizuri tuendelee. Tusikae muda mrefu bila dawa, baka bado changa, linaweza kuinuka upya.

Deus hataki kusikia. "Dawa basi." Ameiweka chupa juu kabisa ya kabati. Anasema afadhali mtoto wa jicho moja kuliko kaburi. Jana kwenye bajaji niliwaza hivyohivyo.

Hasira kwa Mama mkwe ninayo. Nyingi. Lakini alitaka nilale. Sina pa kuitupa.

Jumatano, 16 Aprili

Mama mkwe amefunga mzigo. Anasema meli ya kesho. Hamgusi mtoto. Akilia anamwita Sabina ambembeleze. Nimemuuliza kwa nini, akanionyesha viganja vyake. "Mikono hii, mwanangu, isimguse tena." Ugali wake umerudi jikoni mzima.

Nimeliangalia baka. Limekolea. Au macho yangu.

Deus aliporudi nilipanda kiti mbele yake nikaishusha chupa. Nikamwambia nimechoka, ameona mwenyewe nilivyochoka, lakini siwezi kuja kumwambia mtoto akikua kwamba jicho lake tuliliacha juu ya kabati. Nikanyonyesha. Nikacheulisha. Nikasubiri, kwa sababu nami mkono ulikuwa mzito. Ndipo Deus akachukua bomba akampa mwenyewe. Mtu anayeshika moto kila siku, mstari wa bomba aliuangalia mara tatu.

Tukakaa tunamtazama mtoto akipumua. Halafu Deus akamwita mama yake. "Mama, Pasaka utakula hapa."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Pilau. Nimeenda misa, mtoto bila kofia. Waliotazama wametazama.

Kurudi nimembeba Sabina mgongoni. Haumwi. Mzito kweli.

Ijumaa, 25 Aprili

Kliniki. Mama mkwe nilimlazimisha twende wote. Alikaa mwisho wa benchi kama aliyeitwa na balozi wa nyumba kumi.

Daktari aliziba jicho zuri kwa kiganja. Februari alipofanya hivyo Majura alipiga ukelele, maana dunia ilizimika. Leo alinyamaza. Kope imefunguka nusu. Jicho likatangatanga, likakuta kitenge cha bibi yake, likatulia. Daktari akamwambia Mama mkwe asogee upande wa dirisha. Akasogea. Jicho likamfuata. Akarudi. Likarudi naye.

"Linaona," daktari akasema. "Bado dhaifu, lakini linaona." Kuanzia sasa tuwe tunaziba la kulia kila siku kwa muda, la kushoto lifanye kazi. Sawa. Kazi nyingine.

Halafu akauliza nyumbani tunaendeleaje. Nilifungua mdomo niseme "vizuri". Nikalia. Sijui yalitoka wapi yale machozi, mbele ya watu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alieleza yote, na ile alfajiri, hakupunguza. Daktari hakumkaripia. "Mama, dawa zenu zinataka tumbo tupu. Hii inataka tumbo lililojaa. Ni dawa tofauti tu." Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Mtu mzima, kumbe alihitaji kuambiwa hivyo tu.

Njiani alinipokea mtoto bila kuombwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo picha za wanafunzi, shule moja Nyegezi. Ilibidi nitoke kabla hakujapambazuka. Deus alishaondoka. Majura amelala fofofo, na matone ya asubuhi bado. Nilisimama mlangoni na chupa mkononi kama mjinga. Kisha nikampa Mama mkwe. Aliipokea kwa mikono miwili.

Nyegezi mvua. Watoto wengi, kola zote zimepinda. Inua kidevu. Usicheke. Simu ilikuwa mfukoni. Nilitaka kupiga, sikupiga. Mchana tena nilitaka. Sikupiga.

Jioni niliwakuta mkekani. Majura mapajani mwa bibi yake, uji umemkaukia kuanzia kidevuni mpaka kitovuni, anachezea ukingo wa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alikula kwanza," akasema. "Alimaliza. Akacheua. Ndipo nikampa."

Nikavua viatu. Nikajilaza palepale pembeni yao, nje bado kweupe.