Mashavu ya Durban

Durban, Jumapili baada ya ibada

Mpwa wangu Mireille,

Pokea salamu za mjomba wako. Mgongo wa mama yako unaendeleaje? Mimi iko mzima, na saluni yangu hapa mjini inajaa mpaka polisi wanakuja kupanga foleni.

Umeniandikia kwamba wiki ya tatu sasa hulali, na shangazi zako wanacheka eti ni bwana harusi anakunyima usingizi. Wasicheke. Mimi nilikaa siku kumi na moja bila kusinzia hata kidogo. Siku ya kumi na moja nilimnyoa kipara mtu aliyekuja kupunguzwa ndevu tu, naye akanishukuru, maana mkono wangu hata ukikosea unapendeza.

Alain, jirani yangu wa duka la simu, ndiye alinikokota mpaka kliniki. Nesi, mama mmoja wa Kizulu, akauliza nakunywa dawa gani. Nikamwambia sinywi dawa, mimi ni simba. Akanitazama, akauliza simba gani huyu mwenye mashavu ya mtoto mchanga. Eish! Nikatoa mfukoni pakiti ya vidonge nilivyokuwa nameza ili ninenepe.

Akaeleza kwamba mwili una homoni yake ya kutuamsha asubuhi, na jioni inashuka ili usingizi upate nafasi. Vile vidonge vinafanya kazi ya homoni ileile, na mimi nilikuwa navimeza na chakula cha usiku. Kumbe nilikuwa nauambia mwili wangu kumekucha wakati watu wanalala. Ndivyo vinavyoleta njaa na kuvimbisha uso, tena vinapandisha sukari.

Basi mama, zile picha mlizosema mjomba amenona, Durban imemkubali, ni vidonge. Saluni iko na viti viwili, na kimoja ni cha Alain.

Na zile vitamini nilizompa Prodige akuletee alipokuja nyumbani, ili ujaze gauni na wakwe waone umetoka nyumba inayokula, si vitamini. Ni vidonge vilevile. Nilikudanganya.

Usiviache ghafla! Nesi anasema mwili unazoea kupewa, unasahau kutengeneza homoni yake, unaweza kuanguka. Kesho asubuhi nenda hospitali na pakiti mkononi, daktari akupunguzie polepole. Mwambie mama yako yote, usifiche kosa langu. Harusi ikibidi ingoje. Gauni litapunguzwa.

Nisalimie wote nyumbani. Ukinikasirikia ni haki yako, ila tuma neno moja tu kwamba umefika hospitali.

Mjomba wako,
Térence