Barua za Papa Zilizobaki Ndani ya Mashine

Mangobo, Kisangani
Tarehe 11 Machi 2025

Mpendwa yaya Hilaire, kaka yangu mukubwa,

Jambo sana. Afya iko namna gani, na lile tumbo lililokusumbua? Benie, bibi yako, na watoto wenu wanaendelea vizuri huko Lubumbashi? Mimi na Mama tuko, tunakula, tunalala kidogo. Tangu tumalize matanga ya Papa, nyumba iko kimya mpaka inaumiza.

Yaya, barua tatu za Papa ulizopata juzi kwenye mail si uchawi. Ni yeye aliziandika. Mimi ndiye niliyezifungia.

Unajua tangu masikio yake yafe, simu haikumufaa tena. Kila Jumapili akitoka misa alikaa mbele ya mashine yangu, ile kompyuta ninayopigia barua za watu, anachomeka clé yake ya internet, kile kidude chenye kadi ya simu, anakuandikia.

Bon, mwezi wa kwanza betri ya soleya ilianza kuchoka. Nikaamua kuzima huduma za vifaa ambazo Linux, ule mfumo wa mashine, inawasha bure: Bluetooth, skana, modemu. Nilitazama kwanza, mashine ikasema hakuna modemu yoyote. Kumbe modemu ndiyo ile clé, nayo ilikuwa mufukoni mwa Papa! Nilijaribu imprimante tu, ikatoa karatasi, nikajisifu.

Toka hapo barua zake hazikutoka, zako hazikuingia. Papa akaniandikia kwenye karatasi: “Hilaire bado ana hasira juu ya kiwanja cha Yanonge nilichouza?” Nikamujibu kwamba wewe uko na kazi nyingi. Na wewe uliponiuliza kwa simu kwa nini hajibu, nikasema amechoka. Ah, Naomie mimi! Muliniuliza wote wawili, sikwenda hata kutazama.

Alikufa wiki ya tano tangu nizime ile huduma, akiamini umemukataa.

Juzi nilichomeka clé nikutumie picha za mazishi, ikagoma. Ndipo nikaelewa. Nikawasha tena ile huduma: zake zikatoka, zako tano zikaingia. Ya kwanza unamwambia kiwanja kilikuwa chake, umekwisha kusahau. Nililia mbele ya mwanafunzi aliyeleta mémoire yake ya chuo nimupigie.

Mama anakusalimia, na tonton Osée na Rosine pia. Mungu alinde nyumba yako yote.

Yaya, sikuombi unisamehe leo. Nitukane ukitaka, lakini niandikie. Usininyamazie tu. Nimeona vile mutu anakufa na kule kunyamaziwa.

Mimi mudogo wako ninayekupenda,
Naomie