Kipimo cha Upepo ni Vitumbua vya Mama

Jumamosi, Kilwa Masoko. Mvua imekatika, upepo bado unatikisa bati. Nina hasira, kwa hiyo leo msitegemee ustaarabu kwangu.

Huku kwetu redio ikitangaza kimbunga, watu hawashtuki. Wanauliza kitu kimoja tu: "Bi Somoe kafungua?"

Bi Somoe ni mama yangu, muuza vitumbua karibu na soko. Akiwasha mkaa, basi ni manyunyu tu, bodaboda wanabeba abiria kama kawaida. Asipowasha, watu wanafunga madirisha na kuanza kumkumbuka Mungu.

Mara ya mwisho alipofunga, kimbunga kikaishia hukohuko baharini. Mtaa ukakosa kitafunwa cha asubuhi, ukamcheka mpaka ukachoka. Shaibu wa bodaboda ndiye aliyempachika jina la Bi Kimbunga. Mama alicheka nao pale kibandani. Nyumbani alinuna.

Ndiyo maana jana asubuhi, mbingu nyeusi tii, mchele alishauloweka tangu juzi jioni na kuusaga, mimi namvuta mkono, yeye akasema, "Niache mwanangu. Sichekwi mara mbili."

Akawasha.

Na watu wakaja! Makuti yanapeperuka, wao wanatafuna na kuambiana, "Mama kafungua, hamna kitu hapo."

Upepo ukang'oa banda. Karai la mafuta likampindukia Mama, kuanzia bega mpaka kiganja. Wateja wakatimua mbio, vitumbua mkononi. Tulimbeba mimi na mama mmoja muuza mchicha, basi.

Leo wamekuja kutoa pole. Mmoja kasimama palepale kitandani, anaangalia ngozi ya Mama ilivyobanduka, halafu anamwambia mwenzie, "Kumbe upepo ulikuwa mkubwa, eeh!" Nyoo! Mama yangu wamemgeuza rula.

Jioni hii redio imesema upepo unarudi alfajiri, tena mkali kuliko wa jana. Mama kalala kwa nguvu ya dawa, anaguna usingizini. Simu imelia. Ujumbe wa Shaibu: "Dada, vipi, kesho mnafungua? Nina abiria wa Kivinje asubuhi."

Hata pole hakuandika.

Nimeusoma mara nyingi huku nampepea Mama. Sioni huruma. Labda itakuja baadaye.

Nimemjibu, "Tunafungua."

Mchele sijaloweka hata kibaba.